Kastabani za Walinzi wa Tamuni

Niliporudi kutoka Tamuni, wenzangu ofisini walitaka niwaambie kama ni kweli kwamba watu wa kule wameota sukari mwilini. Ni kweli. Naandika sasa ili nisiendelee kulijibu swali hilo kila asubuhi, na pia kwa sababu lipo jambo nililolishuhudia huko ambalo halijanitoka moyoni. Kazi yangu ni kukagua mizani. Nimezoea kuandika kwanza ninachokiona, na ninachokifikiri baadaye kama nafasi ipo, kwa hiyo msomaji asinitarajie mapambo.

Mtu wa Tamuni huzaliwa na utandu mwembamba wa sukari kuanzia utosini hadi kisiginoni, mweupe, kama chumvi inavyobaki kwenye ngozi ya mtu aliyeoga baharini bila kujisuuza. Utandu huo ndio uraia wake. Watu wawili wakikutana njiani hugusana mikono, sukari kwa sukari, na utulivu huwashukia wote wawili. Nimewaona mahasimu wakigusana hivyo wakasahau walichokuwa wakigombania. Mimi nisiye na sukari nilipewa kitambaa kilicholowekwa shira nikifunge mkononi, ili walinzi wasinishtukie.

Jambo la pili ni kwamba Tamuni hakuna anayefia kitandani. Siku zake zikitimia, mtu huketi chini. Jirani zake humshukuru kwa alichokifanya, naye hulainika taratibu akawa udongo, na udongo huo hupandwa mboga. Lakini wapo wachache ambao wakati wao hufika nao wakakataa kuketi, na kwa ajili ya hao wapo walinzi. Mlinzi akimshika mtu wa namna hiyo kwa kiganja kitupu, huketi.

Nimesema kiganja kitupu, na hapo ndipo penye ugomvi. Kiganja cha mlinzi kina vinundu vidogo vinavyotambua, kwa kugusa tu, nani wakati wake umefika na nani bado. Vinundu hivyo vimefunikwa na sukari kama mwili wote. Kwa hiyo mlinzi huzaliwa na ukucha mgumu wa kidole gumba, mkali kama kijembe, wa kukwangulia sukari hiyo: yake mwenyewe, ya mwenzake, hata ya yule anayetaka kumshika. Na sheria ya kwanza ya Tamuni inasema ukucha huo usitumike.

Kila mlinzi huvishwa kastabani ya shaba kwenye kidole gumba, ikapigwa lakiri nyekundu. Kila wiki maafisa wa Idara ya Utamu hukagua lakiri, kisha hupima unene wa sukari ya mlinzi, na cheo hupanda kwa unene. Nilipelekwa kumwamkia Jemadari Pandu, mkuu wa walinzi, ambaye sukari yake ilikuwa nene kama matofali mawili. Alibebwa na watu sita. Alinijibu salamu kwa kope, maana ndizo pekee zilizobaki zikisogea, na afisa aliyenisindikiza alininong'oneza kwa fahari kwamba Jemadari hajamshika mtu yeyote kwa miaka kumi na tisa.

Nilipangiwa kukaa kwa Bi Mize, mjane aliyelima mchicha nyuma ya nyumba yake. Binti yake, Kidawa, alikuwa mlinzi wa cheo cha chini kabisa, kwa kuwa sukari yake ilikuwa nyembamba na haikutaka kunenepa. Siku ya tatu nilimwona Kidawa ameketi kizingitini akiitafuna lakiri ya kastabani yake kwa hasira, bila kufanikiwa. Nikauliza kwa nini wasizivue tu.

Bi Mize alipandisha kanga akanionyesha magoti. Yalikuwa yamelainika na kuzama, rangi ya udongo.

"Zamani hakukuwa na kastabani," alisema. "Walinzi walijikwangua watakavyo. Walianza viganja, wakaja viwiko, wakaja mabega. Mlinzi asiye na sukari kabisa hajui kutulia, mgeni wangu. Kila anayemgusa anamwona wa kuketishwa. Mimi nilikuwa na mimba ya huyu. Wakanishika magoti. Magoti yakaketi, mimi nikabaki."

"Kwa hiyo sheria ni nzuri," nikasema.

"Ilitungwa na watu walioumia," alijibu. "Wanaoisimamia sasa hawajawahi kuumia."

Kidawa alitema vipande vya lakiri. "Mama, mchicha wako umekauka," alisema. "Umekauka kwa sababu ya Makungu, na kila mtu anajua."

Nilimtaka anieleze. Makungu alikuwa seremala wa Mtaa wa Mfereji, upande wa juu wa mji. Miaka kumi na moja nyuma wakati wake ulifika, naye hakuketi. Badala yake ubavuni mwake alitoka mtu mwingine mwenye sura ileile, na huyo akatoa mwingine. Nilipofika walikuwa wamepita mia nne. Hawakuwa na kazi. Walijipanga kando ya mfereji na kunywa. Sukari yao ilikuwa nene na nyeupe kuliko ya raia yeyote, na Idara ya Utamu ilikuwa imewatunukia tuzo ya ukoo mtamu mara tatu. Maji yaliyopita kwao na kufika chini mjini yalikuwa ya kulowesha kisigino. Wiki niliyowasili, jirani wa Bi Mize, mama wa watoto wawili, aliketi kabla ya siku zake kwa sababu ya kiu. Nilimwona. Hakukuwa na wa kumshukuru kwa utulivu; watu walilia.

Siku iliyofuata Kidawa alikuwa kwenye zamu, nikaomba kuandamana naye. Walikuwa walinzi tisa pamoja naye. Makungu wa kwanza alitupokea mlangoni, mzee mwenye uso mzuri, waliofanana naye wamejaa nyuma yake kama maboga shambani.

"Shikamoo, mzee Makungu," alisema Kidawa.

"Marahaba, binti yangu. Karibuni. Mmechoka nyie. Pumzikeni kidogo."

Wale waliofanana naye wakatoka, wakawakumbatia walinzi mmoja mmoja. Sikuona nguvu yoyote ikitumika. Mlinzi alikumbatiwa, sukari ikagusana na sukari, akatabasamu, akaegemea ukuta, akasinzia. Wanane wakaisha hivyo kabla sijahesabu vizuri. Kidawa alikuwa amejiuma mdomo hadi damu ili asilale.

"Wakati wako umepita, mzee," alisema.

"Nani kasema? Nishike mkono, uone mwenyewe."

Akaushika. Sukari yake nyembamba ikakutana na ile nene, na kichwa chake kikaanza kuinamia bega la mzee. Nilimkamata mkanda nikamvuta hadi barabarani. Alikaa chini, akajifuta damu mdomoni.

"Sikuhisi kitu," aliniambia. "Nilimshika, na kiganja changu hakikuniambia kitu chochote. Ilikuwa kama nimeshika ukuta."

Hapo ndipo alipoamua kwenda Barazani, na mtu aliyeamua namna ile sijamwona mwingine. Hakula. Alienda moja kwa moja, miguu ikiwa na vumbi, akaandikisha ombi: walinzi wa Mtaa wa Mfereji waruhusiwe kujikwangua viganja.

Baraza la Tamuni lina wajumbe arobaini na watatu, nao wamegawanyika pande mbili, Wazito na Wakavu. Mjumbe mmoja wa Wazito alisimama akauliza kama imethibitishwa kwamba kiu inaletwa na ukosefu wa maji. Mjumbe wa Wakavu alijibu kwa saa nzima, akitaka kila mlinzi akwanguliwe kuanzia kichwani hadi miguuni siku hiyohiyo, hata Jemadari Pandu, ambaye alifumba kope. Mwingine akasema ukoo wa Makungu ni raia watamu, na kwamba kumshuku mtu mtamu ni uchungu. Kamati ikaundwa palepale, ikarudi na pendekezo: mlinzi aruhusiwe kukwangua kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, siku za sikukuu tu, mbele ya yule atakayeketishwa, baada ya huyo kutoa kibali kwa maandishi. Pendekezo likapitishwa kwa kura arobaini dhidi ya tatu, na wajumbe wakapigiana makofi. Naandika nilichokiona.

Kisha alisimama Bwana Shaame, Mkuu wa Idara ya Utamu. Nilitarajia mpumbavu. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, na alizungumza na Kidawa kama mtu anayezungumza na mwanawe mwenyewe.

"Binti, mimi sisemi Makungu ni mtu mwema. Nasema hivi. Utakwangua kiganja. Kiganja kitaanza kuhisi, na utaona raha kuhisi. Kesho utataka kifundo cha mkono. Wale waliotangulia walianza kama wewe, kwa nia njema kama yako. Nani atakuambia ukomee wapi?"

Kidawa alikitazama kiganja chake. Lilikuwa swali la haki, na nadhani yeye ndiye aliyelijua hivyo kuliko wote.

"Mimi," ilisema sauti kutoka nyuma.

Bi Mize alikuwa akishuka ngazi za ukumbi, akishikilia ukuta, goti moja baada ya jingine. Alichukua muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipofika mbele alimshika binti yake mkono, akaulaza juu ya meza ya karani, akachukua mhuri mzito wa shaba wa Baraza, akaipiga ile lakiri mara mbili. Ikapasuka. Akaivua kastabani.

"Mama," alisema Kidawa. "Wewe ndiye wa mwisho niliyemtarajia."

"Mimi ndiye ninayejua inavyouma. Kwangua, mwanangu. Kiganja tu."

Ukucha ulipopita kiganjani ulitoa mlio kama wa kijiko kinachokwangua sufuria. Vipande vya sukari vikaanguka sakafuni, na wajumbe wakainua miguu yao. Chini ya sukari kiganja kilikuwa chekundu, kibichi, na vile vinundu vikasimama kama ngozi inavyosimama kwenye baridi. Kidawa alikigusa kiti, akaigusa meza, akamgusa mama yake bega.

"Wewe bado, mama," alisema, akitokwa na machozi. "Bado sana."

Wakatoka. Hakuna mlinzi wa mlangoni aliyeweza kuwazuia, kwa sababu vidole vyao, kwa unene wa sukari, havikukunjika.

Kule Mtaa wa Mfereji wale walinzi wanane walikuwa wamekwisha kuamka, wameketi kando ya barabara kwa aibu. Kidawa hakuwahutubia. Alienda kwa wa kwanza, akaipasua lakiri yake kwa jiwe, akamvua kastabani, akainamia mkono wake, akaanza kukwangua. Bi Mize alifuata nyuma akikagua, na ukucha ulipokaribia kifundo cha mkono alikuwa akisema, "Basi." Kila mmoja alipogusa hewa kwa kiganja kitupu alishtuka kama mtu aliyeondolewa nta masikioni. Wa mwisho aliitwa Ussi, mwenye nguvu kuliko wote. Alipokwanguliwa alicheka kwa sauti.

Mzee Makungu alikuwa mlangoni, mikono wazi. "Mmerudi kupumzika?"

Safari hii Kidawa hakumpa mkono. Alipitisha ukucha kifuani pa mzee kwanza, mkwaruzo mmoja mrefu, na sukari nene ikabanduka kama lipu ya ukuta mbovu. Kisha akaweka kiganja pale palipobaki wazi, akakiacha.

Nilikuwa karibu, nikauona uso wa mzee ukibadilika. Sijui niseme alizeeka au alirudi kuwa mwenyewe.

"Nilikuwa sijamaliza kazi," alisema.

"Ulitengeneza meza nzuri, mzee. Mama anayo moja mpaka leo, haijalegea mguu. Tunakushukuru."

"Ya mvule?"

"Ya mvule."

Akaketi. Alilainika palepale kizingitini, na Kidawa alisubiri hadi mwisho, ingawa wale waliofanana naye walikuwa wakimzonga kutoka pande zote.

Hao wengine hawakuwa na la kushukuriwa. Ilikuwa kazi tu, ngumu na ndefu, kukwangua na kushika, kukwangua na kushika, tangu adhuhuri hadi jua lilipoanza kupoa. Walikumbatia, wakabembeleza, wakasema karibuni mpumzike, mia nne kwa sauti ileile. Mlinzi mmoja alilala mara mbili na mara mbili Kidawa akamwamsha kwa kofi. Kucha zilipasuka. Viganja vilitoka damu. Hakuna aliyerudi nyuma. Kabla ya alasiri maji ya mfereji yalikuwa yamefika magotini.

Balaa likaja wakati tulipodhani tumemaliza. Ussi, katika vurugu, alikuwa ameendelea kujikwangua. Alipotoka nje alikuwa mwekundu hadi shingoni, macho yakicheza. Watu wa mtaa walikuwa wamekuja na ndoo, wakishangilia. Mwanamke mmoja akamgusa kumpongeza, naye akageuka akamshika bega. Bega likazama. Mwanamke akapiga yowe, Ussi akamwachia akamkimbilia mwingine.

"Ussi! Wacha!" Kidawa alipiga kelele, lakini alikuwa mbali, na yeye na wenzake walikuwa na viganja vitupu. Kumshika kungemuua.

Bi Mize alikuwa karibu. Hakuweza kukimbia. Alimwendea kwa mwendo wake uleule, akafungua mikono, akamkumbatia mzimamzima, sukari yake yote juu ya ngozi tupu ya Ussi. Mikono ya Ussi ikamkamata mgongoni na kwenye bega la kushoto. Nilimsikia Bi Mize akiguna. Hakumwachia. Alimshikilia kama mtu anavyomshikilia mgonjwa mwenye homa, akimwambia maneno nisiyoyasikia, na taratibu utulivu ukamshukia yule mtu, mabega yakashuka, vidole vikalegea, akaanza kulia.

Mkono wa kushoto wa Bi Mize haukuinuka tena. Yule mwanamke wa bega naye alibaki na ulemavu. Kidawa aliwaosha wote wawili kwa maji ya mfereji, kisha tukarudi nyumbani.

"Bwana Shaame alisema kweli," alisema hapo.

"Alisema kweli," alijibu mama yake. "Na maji yamefika."

Baraza lilikutana. Kidawa alipatikana na hatia ya kutumia ukucha, akavuliwa ulinzi. Bi Mize alipatikana na hatia ya kutumia mhuri wa Baraza kwa kazi isiyo ya kupiga mhuri. Ussi aliamriwa kukaa ndani hadi sukari yake iote upya, jambo ambalo huchukua siku chache tu, na nililiona hilo kuwa hukumu pekee yenye akili. Jemadari Pandu alitunukiwa nishani kwa kuongoza operesheni kwa utulivu. Wajumbe walizungumza huku wakinywa maji ya mfereji kwa bilauri.

Siku nne baadaye, asubuhi, nikiwa nafunga mizigo, Bwana Shaame alibisha hodi. Alikuwa peke yake. Alikataa kiti.

"Mtaa wa Bondeni yupo mwingine," alisema. "Alitoroka kwa Makungu kabla hamjafika. Jana walikuwa watatu. Leo asubuhi ni saba. Nimepeleka taarifa Barazani. Wamepanga kulijadili baada ya sikukuu."

"Mimi si mlinzi tena," alisema Kidawa.

"Najua. Nilitia saini mwenyewe." Alimgeukia mama yake. "Bi Mize, nimekuja kukuuliza wewe. Wale tisa, mbona wanane hawakupita kiganja?"

"Kwa sababu nilikuwepo nikawakataza."

"Na Ussi?"

"Ussi alikuwa ndani, mimi nilikuwa nje. Nilichoka nikakaa pembeni. Kosa ni langu kuliko lake."

Bwana Shaame alisugua paji la uso. Sukari yake mwenyewe ilidondoka kidogo mezani, naye akaitazama. Kisha alitoa mfukoni kijembe cha kufungulia lakiri, kile wanachokitumia maafisa wakati wa ukaguzi, akakiweka mbele ya Kidawa.

"Wako nje," alisema. "Wote wanane, hata Ussi. Nimewaambia wasiguse lakiri zao mpya mpaka nyinyi wawili mkubali. Viganja tu. Mama yako asimame ndani, katikati yao. Na mimi nitasimama mlango wa pili. Tukiona kifundo cha mkono, tunakumbatia."

"Utafukuzwa kazi," alisema Kidawa.

"Ndiyo."

Kidawa alimtazama mama yake. Bi Mize alikuwa tayari amejifunga kanga kwa mkono mmoja.

"Bondeni ni mbali kwa magoti yangu," alisema.

Bwana Shaame aliangaza chumba, akakiona kiti cha mikono kilichokuwa pembeni, akakileta hadi kizingitini. Bi Mize akaketi juu yake akiguna. Yule mkuu wa Idara akainama akashika miguu ya mbele ya kiti, akatafuta nani wa kushika ya nyuma. Nikaacha mizigo nikaishika mimi. Kidawa akatangulia kuwafungulia walinzi lakiri, mmoja baada ya mmoja, tukaanza kushuka kuelekea Bondeni, na Bi Mize kule juu akituambia tuongeze mwendo.